Barua kwa Mwende kabla ya mdahalo wa Jumamosi

Nairobi, Jumapili usiku

Dada Mwende,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imetuchosha na jioni Mombasa Road haipitiki. Mama Kendi anakusalimu na anauliza kama kiondo chake kilikufikia. Najua nimekaa kimya mno. Hayo tutayaongea ukija. Barasa ameniambia umekubali kuongoza mdahalo wa vijana Jumamosi, na akanitumia hoja yenyewe: "Bunge lipige marufuku kuhimiza mapenzi ya jinsia moja hadharani." Nimeisoma nikaona nisilale kabla ya kukuandikia.

Hoja hiyo itavuta mambo matatu kwa pamoja: ndoa, tendo na kusema. Usipoyatenganisha mapema, mtu atasimama kupinga ndoa za jinsia moja, mwenzake atamjibu kwa haki za binadamu, ukumbi utapiga makofi, na saa mbili zitaisha hoja yenyewe haijaguswa. Midahalo mingi ya jambo hili hufia hapo.

Anza na ndoa uimalize. Kifungu cha 45(2) cha Katiba kinampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Kisome kwa sauti, waambie hakuna aliyeleta hoja ya kukibadilisha, songa mbele.

Kwenye tendo utahitaji dakika chache zaidi, maana kuna wanaodhani hakuna sheria na wengine wanaodhani ilishafutwa. Ipo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo "kinyume cha maumbile". Cha 163 ni hadi miaka 7 kwa kujaribu. Cha 165 ni hadi miaka 5 kwa vitendo vya aibu baina ya wanaume, hata wakiwa faraghani. Tarehe 24 Mei 2019, katika Mahakama Kuu pale Milimani, majaji Aburili, Mwita na Mativo walikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165, na waliofungua kesi wakakata rufaa. Atakayesema vifungu hivi vimetoka kwa mababu zetu, upande wa pili umkumbushe kwamba Kanuni hiyo iliandikwa na serikali ya mkoloni mwaka 1930. Wewe usijibu, wewe ni mwenyekiti. Hakikisha tu wamejiandaa.

Sasa kusema. Mwende, mdahalo wenu uko hapa. Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachomfunga mtu kwa kusema kwamba wapenzi wa jinsia moja waachwe waishi kwa amani, wala kwa kusema kinyume chake. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba bodi ya serikali inayosajili mashirika yasiyo ya kiserikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea haki zao. Magazeti na mitandao ilichafuka, watu wakadai mahakama imehalalisha ushoga. Haikuhalalisha. Vifungu vya 162 na 165 viko palepale. Ilichosema ni kwamba uhuru wa kujumuika, kifungu cha 36 cha Katiba, ni wa kila mtu. Mbunge wa Homa Bay Mjini, George Kaluma, aliomba hukumu hiyo ipitiwe upya, na Septemba mwaka huohuo ombi likatupwa. Mwaka huo pia aliandaa Mswada wa Kulinda Familia, ambao ndani yake kuhimiza ni kosa. Hoja yenu inatoka huko.

Swali ambalo naomba ulirudie kila msemaji wa upande wa kuunga mkono akikaa chini ni hili: sheria hiyo itamkamata nani siku ya kwanza? Tendo tayari ni kosa. Anayemgusa mtoto, awe mwanamume au mwanamke, mtoto awe wa kike au wa kiume, anangojwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Chuki na uchochezi wa vurugu haviko chini ya ulinzi wa kifungu cha 33 cha Katiba, kile cha uhuru wa kusema, tangu mwanzo. Ukitoa hao wote, anabaki nani? Anabaki nesi. Mipango ya serikali yetu wenyewe ya kupambana na Ukimwi inawataja wanaume wanaojamiiana na wanaume kuwa kundi lililo hatarini zaidi, na inataka wapewe kondomu, vilainishi na dawa za kuzuia maambukizi. Nesi anayemweleza kijana jinsi ya kuzitumia, je, anahimiza? Mwalimu anayemwambia mtoto anayepigwa na wenzake kwamba hana laana? Mhariri? Mama anayekataa kumfukuza mwanawe na kusema hivyo kanisani? Mtunga sheria atasema hakuwalenga hao. Lakini polisi wa kituoni hasomi nia ya mtunga sheria, anasoma maneno yaliyoandikwa, na neno "kuhimiza" halina mpaka.

Hili haliko mbali nasi. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilipiga marufuku filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu kwa kusema inahimiza usagaji. Septemba Jaji Okwany akairuhusu kwa siku saba, kwa watu wazima tu, na kumbi zikajaa. Ilipigwa marufuku bila sheria mpya yoyote. Fikiria ikiwepo.

Wape na mifano ya nje, lakini mitatu inatosha. Uingereza mwaka 1988 ilipitisha kifungu cha 28 kuzuia serikali za mitaa "kuhimiza" mapenzi ya jinsia moja. Kilidumu hadi 2000 kule Scotland na 2003 kwingineko, na hakuna hata halmashauri moja iliyotiwa hatiani. Lakini walimu walinyamaza, hata palipokuwa na mtoto anayeteswa darasani, kwa kuwa hakuna aliyejua mstari uko wapi. Urusi walianza mwaka 2013 kwa kusema ni kwa ajili ya watoto tu, faini ya raia ikiwa rubo 4,000 hadi 5,000. Desemba 2022 wakapanua hadi watu wa rika zote, faini ikafika rubo 400,000. Novemba 2023 Mahakama yao ya Juu ikatangaza harakati nzima ya wapenzi wa jinsia moja kuwa ya itikadi kali. Miaka kumi tu! Na jirani zetu Uganda: sheria ya 2023 inatoa hadi miaka 20 kwa kuhimiza, mbali na kifungo cha maisha kwa tendo na kifo kwa lile wanaloliita la kukithiri, kwa mfano likifanywa na mtoto. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta sehemu chache, kama wajibu wa kumripoti mtu na kosa la kumpangisha nyumba. Kifungu cha kuhimiza kikabaki. Shirika likipatikana na hatia linaweza kutozwa shilingi bilioni moja za Uganda na kufungiwa leseni miaka kumi.

Tafadhali usiwadharau wanaounga mkono hoja. Mchungaji atakuja, unamjua, na wasiwasi wake kwa watoto ni wa kweli. Mpe muda wake wote. Ila muulize kwa heshima: sheria ikipita, je, mdahalo huu utaruhusiwa? Nusu ya wasemaji wako wangekuwa wanatenda kosa kwa kusimama tu, na wewe kwa kuwapa kipaza sauti. Yeye mwenyewe angetaka kumshauri kijana aliyemjia kwa siri na kumwambia Mungu hajamtupa, angelazimika kumuuliza wakili kwanza. Mtu anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba tendo ni dhambi na bado akaikataa sheria hii. Hilo ndilo ningependa vijana watoke nalo, hata wakipiga kura ya kuunga mkono.

Sasa mambo ya ukumbini, na haya naomba uyashike kuliko yote. Ndani ya ukumbi huo, wapende wasipende, kutakuwa na vijana ambao mdahalo unawahusu wao wenyewe. Maswali yasiulizwe kwa mdomo. Nunua kalamu za aina moja na ukate karatasi za ukubwa mmoja, kila mtu apewe, kila mtu aikunje na kuirudisha hata kama hajaandika kitu. Ukimpa karatasi anayetaka kuuliza peke yake, umeshamwonyesha kwa ukumbi mzima. Zisome mwenyewe, kisha uzichane palepale, mwandiko hutambulika. Simu zizimwe, na watu wa picha wakae nyuma wakilenga jukwaa tu. Hatari ni klipu ya sekunde kumi: kijana anatetea hoja aliyopangiwa, inakatwa, inazungushwa kwenye WhatsApp za mtaa, na wiki hiyohiyo mwenye nyumba anamtaka ahame. Kwa hiyo pande zipangwe kwa kura, na useme hivyo mwanzoni na mwishoni, kwamba hakuna aliyechagua upande wake. Akitokea wa kuuliza "kwani wewe ni mmoja wao?", msimamishe mara moja, usingoje kicheko kiishe. Dakika nne kwa msemaji, kengele kwenye ya tatu.

Nina mengi kuhusu kifungu cha 24 cha Katiba, kile cha kuwekea haki mipaka, jinsi serikali inavyotakiwa kuonyesha kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lake, lakini karatasi inaisha. Nitakueleza tukionana.

Niambie basi: hoja inaweza kubadilishwa bado, au matangazo yameshatoka? Nani anaongoza upande wa kupinga, na ameiona ile hukumu ya 2023 au anaisikia tu? Ukumbi una mlango wa nyuma, kama kijana atataka kutoka bila kupita mbele za watu? Barasa anaweza kushika kengele, au umempa kazi nyingine? Na wewe unafika Ijumaa na basi la saa ngapi, nije nikupokee pale Afya Centre?

Wako,
Zawadi