Barua ya wazi kwa vijana wanaofunga Thika Road

Wanangu wa Githurai, Zimmerman na Roysambu,

Mimi ndiye yule mzee wa pancha kando ya barabara. Wengi wenu niliwajazia baiskeli upepo mkiwa bado kwenye kaptula za shule. Kuandamana siwakatazi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Nataka tuongee kuhusu matairi.

Tairi likiungua, raba huisha na waya hubaki: nyembamba kama unywele, zimejikunja kwenye lami hata ufagio hauzishiki. Baada ya maandamano yenu ya mwisho niliziba pancha wiki mbili mfululizo, karibu zote za nduthi, hizi pikipiki. (Biashara ilinoga, sikatai.) Kila nilipochomoa waya kwa koleo, aliyesimama kando yangu akihesabu sarafu alikuwa kijana wa rika lenu. Mheshimiwa hapiti hapa kwa nduthi.

Hiyo ni hasara ndogo. Julai 7, 1990, nilikuwa makanga. Matiba na Rubia, wanasiasa waliodai vyama vingi, walikuwa wameitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, hapa Nairobi. Siku hizo mkutano wa hadhara ulihitaji leseni. Leseni wakanyimwa, na siku chache kabla ya mkutano wakatiwa kizuizini. Watu walikufa miaka ile. Mwaka 1997 ndipo leseni ikaondolewa kwenye Sheria ya Utulivu wa Umma, ikawekwa notisi, yaani taarifa kwa polisi.

Basi ielewe hiyo notisi. Huombi ruhusa, unaarifu. Unaandika jina la mwandalizi na anakopatikana, tarehe, saa na njia mtakayopita, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Unaipeleka kituoni siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anaweza kuikataa ikiwa wengine wametangulia kuandikisha mahali hapo kwa saa hiyo hiyo, na hapo akuarifu. Nendeni na nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Bila notisi, sheria inampa uwezo wa kuwasimamisha, nanyi mmempa wenyewe.

Najua mtakachoniuliza: Julai 7, 2025, ni nani aliyefunga barabara za kuingia mjini? Polisi. Nilishushwa kwenye matatu nikapiga mguu, na goti langu bado linanikumbusha. Siku ile lawama ilikuwa yao peke yao, iacheni huko. Mkiwasha tairi, picha itakayoinuliwa Bungeni ni ya moshi wenu.

Na wenye kuinua picha wapo. Mwaka huo huo wa 2025 Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, Esther Passaris, alipeleka mswada wa kuzuia mikusanyiko ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo mengine yanayolindwa. Kwangu mimi huo ni mswada mbaya: malalamiko yanapelekwa kwa nani ikiwa mlango wake haufikiki? Lakini tazameni Uingereza. Mwaka 2021 waandamanaji waliketi katikati ya M25, barabara inayoizunguka London. Serikali ikaenda mahakamani ikapata zuio, na waliorudi barabarani wakafungwa kwa kudharau mahakama. Mwaka 2023 Bunge lao likatunga sheria mpya kabisa, ambayo sasa inamgusa hata anayejifunga kwa mnyororo kwenye kitu. Kuketi barabarani kuliwapa wenye nguvu sababu, nao hawakuilaza.

Pandeni barabara mkitembea, upande mmoja, mwingine muuache wazi ambulensi ipite. Notisi njooni tuiandikie hapa kibandani. Meza ninayo, kalamu ninayo, na mjukuu wangu ana mwandiko mzuri. Lile tairi la lori mnalolinyemelea huko nyuma nimeshalifunga mnyororo.

Babu yenu wa pancha