Waya wa hereni si waya wowote

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa kazi za mikono mliandika kwamba anayetaka kujifunza kutengeneza mapambo ya waya nyumbani anaweza kuanza na "waya wowote alio nao". Naomba nafasi nipinge maneno hayo manne.

Mimi ni mshonaji. Miaka mitatu iliyopita nilianza kukunja waya jioni, cherehani ikishafunikwa. Hereni zangu za kwanza nilizitengeneza kwa waya mweupe wa kung'aa nilioutoa kwenye mkufu mkuukuu uliokatika, nikampa binti yangu. Siku ya pili masikio yalikuwa yamemvimba, yanawasha, yanatoa maji. Nikadhani ni uchafu. Nikazichemsha hereni, akazivaa tena, yakawa yaleyale. Baadaye sana ndipo nilipojua habari za nikeli. Madini haya huchanganywa au kupakwa kwenye mapambo mengi ya bei ya chini, na ngozi ikishaikataa, kwa kawaida huikataa maisha yote. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha kisheria kwenye hereni. Mtoto wangu nimemwachia tatizo hilo kwa mikono yangu mwenyewe, na bado linaniuma.

Kwa hiyo anayeanza ajifunzie shaba nyekundu tupu, isiyopakwa kitu. Ile ndoana inayopita sikioni aitengeneze kwa fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi, na anunue kwa mtu anayeweza kumwambia waziwazi anachouza. Unene wa milimita 0.8 unatosha kwa ndoana, wa 0.4 ni wa kuzungushia shanga. Wauzaji wengine hutumia namba badala ya milimita, 20 kwa ule wa ndoana na 26 kwa ule wa shanga, na hapo wengi hukosea, kwa sababu namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba.

Shaba hutii vidole, lakini huchoka. Ukiikunja na kuikunjua mahali pamoja mara kadhaa, hukakamaa kisha hukatika. Nilikaribia kuacha kazi hii nikidhani vidole vyangu vizito, kumbe ndiyo tabia ya shaba. Fundi mwenye moto huirudishia ulaini kwa kuipasha mpaka iwe nyekundu kwa mbali. Mimi wa mezani nimejifunza kukunja mara moja na kuacha. Ukakamavu huo pia una faida: ndoana ikigongwa kidogo kwa nyundo haifunguki ovyo.

Halafu ncha. Kila ncha ipigwe tupa mpaka ukipitisha kidole usihisi kitu, hasa ile inayoingia sikioni. Na unapokata, funika ncha kwa kidole, maana kipande kinaruka na macho yako karibu.

Siandiki haya kuwaogopesha watu. Msanii wa Marekani, Alexander Calder, alikuwa na miaka 8 alipoanza kuwatengenezea wanasesere wa dada yake mapambo kwa vipande vya waya wa shaba. Kazi hii inafundishika kwa koleo lenye ncha za mviringo, koleo la kukatia, tupa na subira.

Naomba mrekebishe maneno yale katika toleo lijalo, na muitaje nikeli kwa jina. Binti yangu sasa hapokei hereni kwangu kabla hajauliza, "Mama, waya huu ni wa nini?" Nami humwonyesha rundo la waya nilikoukata.

Msomaji wenu,
Mama mshonaji