Barua ya wazi kwa vijana wangu wa maombi: hebu tulieni

Marahaba wanangu. Shikamoo zenu nazipokea kila tukikutana, leo naomba masikio yenu, na atakayekasirika akasirike tu, mimi ni mama yenu.

Nimewaangalia mlivyomfanya yule mwenzenu aliyekuwa anasubiri majibu ya kazi. Kijana kafanya intavyuu yake vizuri, kaambiwa asubiri atapigiwa. Basi. Akaja kwenye grupu akaomba tumwombee, ndo hapo mkamvaa. Huyu kaota nyoka, yule kaonyeshwa laana ya ukoo, mwingine akamwambia afunge kavu, bila chakula wala maji, mwingine akampeleka kwa mtumishi, mhubiri, akaambiwa apande mbegu, yaani atoe sadaka ya hela, ndo mlango ufunguke, mtoto wa watu akakopa hela akapanda! Nilikaa naye kwenye maombi, simu kaiweka juu ya Biblia, kioo kikiwaka anafumbua jicho moja. Mnamwita mtu wa imani. Mimi niliona mtoto anayetetemeka. Na aliyeipokea ile hela airudishe, simtaji, anajijua.

Hivi huwa mnamsoma mfalme Sauli kweli au mnaruka mpaka kwa Daudi na Goliathi? Someni 1 Samweli 13. Nabii Samweli alimwambia amngojee Gilgali siku saba, aje atoe sadaka. Wafilisti wamejipanga Mikmashi wengi kama mchanga, askari wake wanajificha mapangoni, wengine wanatoroka, na siku ya saba imefika mzee haonekani. Sauli akaagiza aletewe sadaka, akaiteketeza mwenyewe bila kumngoja. Ile anamaliza tu, Samweli huyo anatokea. Sasa angalieni hapo, Sauli hakwenda kwa mganga siku ile wala hakusujudia sanamu, alifanya IBADA. Madhabahu, moto, sadaka, vyote vya Mungu, ila aliyemsukuma ni woga. Alimwambia Samweli mwenyewe kwamba aliona watu wanamkimbia. Na ufalme wake ukaponzwa na hiyo ibada. Ndo maana mkinijia na mikesha mitatu mfululizo kwa jambo ambalo Mungu hajasema kachelewa, mimi sishangilii, nauliza kwanza nani anawafukuza.

Maana tunakiri kila siku kwamba Mungu anatawala, halafu tunaishi kama kalala na tukinyamaza kidogo mambo yatamharibikia. Sara naye alimsaidia Mungu hivyohivyo, alipoona mtoto wa ahadi haji akampa mumewe Abrahamu kijakazi wake Hajiri amzalie. Abrahamu alikuwa na miaka 86 Ismaeli alipozaliwa, Isaka akaja baba ana 100, yaani ahadi haikuja mapema hata kwa siku moja kwa ule msaada, kilichoongezeka ni machozi ya Hajiri jangwani na mtoto wake. Haraka yako kuna mtu mwingine huwa anailipia.

Najua kuna mvivu ashaanza kufurahi hapo. Tulia wewe nawe! Pale Bahari ya Shamu Musa aliwaambia watu Bwana atawapigania nao watanyamaza kimya, mstari unaofuata tu Mungu anasema waambie waendelee mbele. Na Naomi alipomwambia mkwewe Ruthu akae tu mpaka ajue jambo la kuolewa na Boazi litaishaje, Ruthu alikuwa ameshaokota masazo shambani mavuno ya shayiri na ya ngano yote. Fanya la kwako, likiisha weka mikono chini. Kupiga simu ofisini kwa watu kila asubuhi mpaka wanaacha kupokea sio la kwako.

Mengine nayataja tu. Usiku laleni. Sio kila ndoto ni ya kurushwa kwenye grupu. Usimwambie mgonjwa Bwana amesema kama hajasema. Zaburi ya 46 isomeni yote, sio mstari wa 10 peke yake wa kuweka stetasi, muone milima inavyohama na mataifa yanavyoghadhibika kabla hamjafika hapo penye kutulia.

Lakini siwalaumu nyie peke yenu, na sisi wakubwa tumewaharibu. Kila mwezi tunauita mwezi wa kuvuka, yaani wa kutoka kwenye shida, mtu asipovuka tunamwangalia kama ana dhambi kaificha. Binti akikaa bila mume tunamuuliza lini, lini, hata ibada haijaisha, halafu tunashangaa anakimbilia kwa manabii. Yusufu alikaa gerezani miaka miwili mizima baada ya mnyweshaji wa Farao kumsahau, angekuwa kwenye makanisa yetu tungeshamfanyia maombi ya kufunguliwa mara kumi, au tungemsema.

Sasa Ijumaa tunabadilisha kidogo. Nusu saa ya kwanza hakuna maiki wala kinanda, na simu zote zibaki kwenye kapu mlangoni. Mtu asome Isaya 30:15, pale panaposema nguvu zetu ziko katika kutulia na kutumaini, mara moja, akae. Asiyeweza kunyamaza atusubiri nje, tukimaliza tutamwita.

Mama yenu