Risala ya Klabu ya Lugha kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Saba, Kondoa

Ndugu Mgeni Rasmi,

Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuvumilia vumbi letu. Tulikutarajia saa tatu, umefika saa sita, lakini umefika mwenyewe. Wapo waliotuma wawakilishi.

Klabu hii ilianza na mwalimu mmoja na watoto tisa chini ya mti. Leo tuko 46. Mafanikio ni makubwa: kwa mashairi ya Kiingereza tulishika nafasi ya pili kikata, kati ya shule zote mbili zilizofika. Tena Wafaransa waliokuja Kolo kutazama michoro ya miambani, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 2006, waliamkiwa "bonjour" na mtoto wa darasa la tatu.

Mtoto hushika lugha kwa sikio kabla ya daftari. Mtoto wa Kisandawe hutamka vidoko vya kwao, zile sauti za kugonga ulimi kinywani, bila kufundishwa; sisi watu wazima tukijaribu tunajiuma ulimi. Ndiyo maana tulishangilia mtaala mpya ulioanza 2024 ulipoleta Kiingereza tangu darasa la kwanza.

Ombi letu ni moja, nalo ni la zamani. Nyuma yako kuna boma la chumba cha lugha. Wazazi walifyatua tofali, wakasomba mchanga korongoni, wakapandisha kuta hadi kwenye lenta. Hapo tukasimama, maana mgeni rasmi wa mwaka ule aliahidi bati 80, tukaona si adabu kumtangulia. Aliyefuata aliahidi 100. Tulipiga vigelegele. Kwa hesabu ya ahadi tuna bati 180. Kwa hesabu ya macho tuna mnyonyo ulioota ndani ya boma, na sasa umeipita lenta. Mvua za Desemba zikianza tunahamia varanda ya ofisi, ambako mwalimu akitamka neno, bati la hapo linamjibu kwa kelele na hakuna anayesikia.

Hatudai zile 180. Tunaomba bati 60 za geji 28, mbao za kupaulia na misumari. Fundi amekubali nusu ya ujira. Kama hazikuja na gari lako leo, hatutauliza. Tunaomba tarehe tu, uiandike kwenye kitabu cha wageni kando ya sahihi yako. Kalamu tumeijaribu, inaandika.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.