Mikataba ya biashara isitupangie .tz

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie majina ya vikoa vya intaneti, yaani anwani za tovuti kama zile za Tanzania zinazoishia na .tz, katika mikataba ya biashara. Mkataba wa Marekani, Meksiko na Kanada, ulioanza kutumika Julai 2020, unazitaka nchi hizo ziweke wazi mtandaoni mawasiliano ya waliosajili majina, ingawa unazingatia sheria zao za faragha. Hilo linanitia hofu, kwani sharti kama hilo likiletwa kwetu, mama muuza batiki wa hapa Arusha, anayesajili jina la .tz kwa namba yake binafsi ya simu, anaweza kusumbuliwa na matapeli.

Kwa hiyo naishauri Serikali, itakapojadili sharti kama hilo, iwasikilize kwanza wenye majina hayo na kuisimamia kikamilifu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Msomaji wako,
Arusha