Maana ya jina Wetwang bado ina mjadala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala yenu kuhusu vijiji vya Yorkshire, Uingereza, ilisema kwamba Wetwang "maana yake ni shamba la majimaji", kana kwamba shauri limekwisha. Mimi naishi huku, na sentensi ile imeninyima raha.

Ni kweli, mwanzo wa jina unasikika kama neno la Kiingereza la unyevu, na wang ya zamani ni shamba au uwanda. Lakini mtu akasimame pale mvua ikishakatika. Kijiji kiko kwenye vilima vya Wolds, na chini ya udongo ni mwamba wa chaki. Shamba likilimwa hujaa vijiwe vyeupe vinavyoacha unga vidoleni, kama chaki ya ubaoni, na maji hunywewa na ardhi upesi. Wanaotetea majimaji husema jina lilitofautisha kijiji na jirani yake Driffield, eti "shamba kavu". Hapo hoja inachechemea, maana wataalamu hulihusisha jina Driffield na neno la kale la uchafu, si la ukavu.

Maelezo ya pili, ambayo hamkuyagusa kabisa, yanatoka katika lugha ya kale ya Skandinavia: vætt-vangr, uwanja wa kusikilizia mashauri. Waviking, watu wa Skandinavia, waliuteka mji wa York mwaka 866, na mwaka 876 wakagawana ardhi na kuanza kulima. Kijiji cha jirani, Fridaythorpe, kimebeba hadi leo thorpe yao, yaani kitongoji. Basi kuna ajabu gani wakulima hao wakiwa na uwanja wao wa kuamulia kesi, mdai huku na mdaiwa kule, majirani wakishuhudia?

Jina limo katika Domesday, kitabu cha ardhi na mali cha mwaka 1086, ila makarani wale walihesabu mashamba na kodi, hawakueleza maana. Ndiyo maana hata kamusi za majina ya mahali, zinazoegemea maelezo haya ya pili kama ninavyoegemea mimi, bado huandika "huenda".

Naomba toleo lijalo mchapishe maelezo yote mawili, na hilo "huenda" msilisahau.

Msomaji wenu,
Yorkshire, Uingereza