Risala ya Klabu ya Afya na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Hewa Safi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa bodi ya shule, walimu, wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wenzangu, nakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua una majukumu mengi, na kuja kwako leo, 7 Septemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya hewa safi, kumetutia nguvu.

Muhula huu tulikata shuka moja jeupe vipande viwili. Kimoja tulikitundika kwenye uzio wa upande wa barabara kuu yanakopita malori, kingine nyuma ya bustani. Baada ya siku 14 tukavishusha. Cha bustani kilikuwa na vumbi tu, tukakikung'uta likatoka. Cha barabarani kiligeuka kijivu, na hata tulipokifua mara mbili kwa sabuni, masizi yalibaki kwenye nyuzi. Vyote viwili viko mezani mbele yako. Madarasa yaliyo karibu na uzio ule ni ya wadogo zetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hayo ni ya kuonekana kwa macho. Yanayoua zaidi hayaonekani. Kuna chembechembe laini zisizozidi mikromita 2.5, ndogo kuliko unene wa unywele mara 30 hivi. Zinapita puani hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Ndiyo maana hewa chafu haiishii kwenye kikohozi na pumu. Huleta pia kiharusi, maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 7 hivi hufa kabla ya wakati kila mwaka kwa hewa chafu ya nje na ya majumbani.

Wapo wanaosema hewa ni ya wote, tajiri na maskini wanavuta ileile. Sisi hatukubali. Mwenye uwezo huchagua pa kuishi. Asiye nao hupanga palipo nafuu, na penye nafuu mara nyingi ni kando ya dampo, kiwanda au barabara ya malori. Akirudi nyumbani anapikia kuni, mkaa au mafuta ya taa katika chumba chenye dirisha moja. Watu zaidi ya bilioni 2 duniani hupika kwa nishati yenye moshi, na wanaouvuta zaidi ni akina mama na watoto walio karibu nao.

Kibarua akibanwa na kifua, siku hiyo hana ujira. Dawa inanunuliwa kwa fedha ya kodi ya nyumba. Mtoto mwenye pumu anakosa vipindi, anashuka katika mitihani, anakua akipata kazi ya ujira mdogo, naye anakuja kupanga chumba kandokando ya barabara ileile. Linalotuuma zaidi ni kwamba anayevuta moshi mwingi si yeye anayeutoa kwa wingi. Asiye na gari ndiye anayesimama kituoni nyuma ya bomba la moshi.

Hata nchi tajiri hazijasalimika. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London siku 5 ukaua maelfu, na mwaka 1956 Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi. Lakini mwaka 2013, katika jiji hilohilo, Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara yenye msongamano, alifariki kwa pumu. Mama yake hakunyamaza. Mwaka 2020 mchunguzi wa vifo alitamka kuwa hewa chafu ilichangia kifo hicho, jambo ambalo halikuwa limewahi kutamkwa nchini humo kabla ya hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tumeanza na shimo letu la taka: hatuchomi tena plastiki. Yaliyobaki yanatushinda. Tunaomba madarasa ya wadogo yahamishiwe upande wa bustani, na tupatiwe kipimo cha hewa ambacho matokeo yake yatabandikwa ubaoni wazazi wayasome. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na dawa ya kuvuta ya pumu, kwani kwa sasa halina. Tunaomba pia utusemee huko kwenye vikao: kupiga marufuku mkaa bila kumpa mama nishati anayoimudu ni kumwongezea mzigo. Punguzo la jiko safi lianzie kwa wenye kipato cha chini kabisa.

Utakapoondoka, tunaomba uchukue kile kitambaa cha kijivu ukakiweke ofisini kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.